Mashine ya Pumzi na Barabara ya Chitete

Siku yangu ya kwanza pale karakana nilimkuta mtu mzima, mvi tupu, akipandisha kasha la televisheni mpya kwa mnyororo hadi juu ya kichwa chake. Akasogea nyuma, akavuta kamba, kasha likaachia na kutua kwenye zege kwa kishindo kilichonifanya nijishike kifua. Nikadhani ni ajali. Yeye akainama, akalifungua kasha taratibu kama anayemfungua mtoto nepi, akachomeka televisheni kwenye umeme, ikawaka. Akaifunga tena, akaipandisha mara ya pili, safari hii ikiwa imelala ubavu.

Nilitaka kurudi nyumbani. Sikurudi, na ndiyo maana leo nawasimulia.

Vijana wangu, ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kupima mishtuko mmekuta meza za umeme, na kompyuta inawachorea kila kishindo kilikuwa kikali kiasi gani. Sisi tulikuwa na mnyororo, sakafu na masikio. Baadaye sana ndipo zilipokuja zile stika zenye kijibomba cha kioo, ukikipiga kitu kwa nguvu kijibomba kinageuka chekundu. Mmesema mnataka kusikia ya kazini. Nitayasema yanavyonijia. Ila kuna moja ambalo mpaka leo, likinijia nikiwa napika, naacha mwiko ndani ya sufuria na kusimama tu.

Karakana ilikuwa ya Alhaji Shabani, Mrangi wa Kondoa aliyeingia Tunduma na lori moja na hakuondoka tena. Alibeba mizigo ya kuvuka kwenda Zambia na ya kuingia vijijini mwetu huku Momba. Vioo vilifika vipandevipande, mashine zilifika zikiwa bubu, ugomvi haukuisha. Akaamua kufungua karakana ya kutengeneza makasha ya mbao na kuyajaza sponji, na kila kasha jipya tulipaswa kulipima kabla halijaaminiwa. Tunaweka kitu chenyewe ndani, tunakidondosha. Kikipona, kasha limefaulu.

Yule mwenye mvi aliitwa Ba Mulenga. "Ba" ni heshima ya Wabemba, kama sisi tunavyosema mzee. Alikaa Nakonde na kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu kuja kazini, mkononi ana kitambaa kimefunga chakula chake. Aliniita Mayo, yaani mama, ingawa ningeweza kuwa binti yake. Ndiye aliyenifundisha yote.

Mama yangu mzazi, alipokuwa hai, aliniuliza nafanya kazi gani huko Tunduma. Nikamwambia nadondosha vitu. Akauliza kama vikivunjika wananifukuza. Nikamwambia hapana, visipovunjika ndipo tunavipandisha juu zaidi. Hakuuliza tena. Wenzake wa kanisani aliwaambia mwanawe yuko forodhani.

Kulikuwa pia na mfugaji nyuki wa Vwawa aliyetuletea asali kwenye chupa, akang'ang'ania kushuhudia kipimo. Tulimwonya. Akasema yeye ni mwanaume. Ba Mulenga alipovuta kamba na kishindo kikapiga, yule bwana alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, na suruali yake nzuri. Tulipofungua kasha asali ilikuwa haijamwagika hata tone. Aliyehitaji kuhudumiwa ni yeye, tukampa maji.

Ba Mulenga alinifundisha kwamba kasha halifi kwa kuangukia tumbo, linakufa kwa kuangukia pembe. Alinifundisha kupima sponji kwa ngumi. Kandamiza. Vidole vikigusa mbao, sponji ni laini mno, kitu chako kitafika chini na kujigonga. Ngumi isipozama hata kidogo, ni ngumu mno, kishindo chote kitapita kama hakuna kitu. Na baada ya kudondosha usikimbilie kuwasha. Weka sikio kwanza, kiinamishe kitu taratibu, usikilize kama kuna skrubu inayotembea ndani. "Panono panono, Mayo," alikuwa akiniambia. Kidogo kidogo. Haya bado ni kweli hata mbele ya kompyuta zenu.

Sasa hilo nililosema.

Alhaji alipata kazi ya kupeleka mashine za oksijeni kwenye zahanati za Momba, zile mashine zinazovuta hewa ya kawaida na kumchujia mgonjwa oksijeni. Ndani zina pampu nzito iliyokalia springi, ili isipige kelele. Ba Mulenga aliichukua kazi ile kama ya mwanawe. Alikata sponji nene kwa mkono wake, mashine ikakaa katikati bila kugusa mbao popote. Tulilidondosha kasha kwa chini, kwa ubavu, kwa kila pembe, kutoka juu kuliko bodi la lori. Kila mara mashine iliwaka na kupumua vizuri. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Alimwita Alhaji aje aone, na Alhaji akaja na kandambili zake za msikitini, akaona, akamshika mkono.

Mashine ya kwanza niliisindikiza mimi. Ilikuwa desturi yetu, mmoja wetu awepo kasha jipya linapofunguliwa. Ba Mulenga alimwagiza dereva aende polepole mno, hasa baada ya kuiacha lami, kwa kuwa barabara ya Chitete mnaijua. Ile ya kuendelea mbele ya Chitete ni mbaya zaidi, imejikunja mikunjo midogo midogo kama bati la kuezekea. Dereva alitii. Bodaboda walitupita, watu wa miguu nusura watupite.

Tulifika zahanati kabla ya saa sita mchana. Nesi wa pale, Sista Upendo, alikuwa amesimama barazani anatusubiri, na hakutusalimia. Alituambia tufungue haraka. Ndani kulikuwa na mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, kadogo, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mama yake, binti aitwaye Eliza, alikuwa amelala ubavu anamwangalia bila kupepesa.

Tukafungua. Ile stika ya kijibomba kwenye kasha ilikuwa nyeupe, hata alama ya wekundu hakuna. Niliweka sikio, nikainamisha, kimya. Tukawasha. Taa ya kijani, mngurumo mzuri. Sista Upendo akamwekea mtoto vijibomba puani, na mbele ya macho yetu midomo ile iliyokuwa ya kibluu ikaanza kurudi rangi. Eliza akafumba macho kwa mara ya kwanza. Mimi nilitoka barazani, nikampigia Ba Mulenga simu kumwambia kasha lake limemponya mtu. Alicheka. Nilimsikia akiwaambia wenzake.

Nilikuwa bado na simu mkononi mashine ilipolia.

Mimi ni mtu wa vishindo. Nimesimama karibu na makasha yakipasuka, sishtuki. Lakini ule mlio mwembamba, mmoja, mrefu, ulinishtua. Niliingia ndani nikakuta taa nyekundu na mngurumo umekoma. Sista Upendo alikuwa ameshachukua ule mfuko wa kupulizia kwa mkono na kumfunika mtoto pua na mdomo.

Akaniambia, bila kunitazama, "Shika kichwa. Hivi. Usikiache kiiname."

Nikakishika. Kichwa kile kilikaa kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki. Yeye akawa anaminya mfuko, anaachia, anaminya, anaachia, na mimi nasikia moyo wa mtoto kwenye vidole vyangu kama kitu kinachokimbia. Dereva alikuwa nje anapiga simu Chitete waje na mtungi wa oksijeni. Eliza hakulia wala hakuuliza. Aliniangalia mimi, mwenye mashine, kama mtu anayesubiri nimweleze.

Gari la wagonjwa lilifika na mtungi wakati Sista Upendo ameshaanza kutetemeka mikono. Walimpeleka mtoto na mama yake hospitali ya Vwawa. Niseme mapema msije mkakaa roho juu: mtoto aliishi. Ni binti, na ana afya. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo, na mimi nilibaki pale nikiwa na kiganja wazi.

Nikaifungua mashine ubavuni. Pampu ilikuwa inaning'inia. Springi moja imechomoka, mpira wa hewa umechanika shingoni. Nikaligeuza kasha lote. Hakuna mkwaruzo. Stika nyeupe. Nilikaa kwenye sakafu ya zahanati nikiiangalia ile stika. Kitu kimevunjika bila kupigwa. Kazi yangu yote niliyoijua ilikuwa inasema hilo haliwezekani.

Nilimpigia Alhaji. Nilijua lori la pili lilikuwa limeondoka asubuhi na mashine nyingine, kuelekea zahanati za ndani zaidi, nikamwomba alisimamishe. Alhaji aliniambia dereva ameshampa habari na ameshazungumza na Ba Mulenga, na Ba Mulenga amesema mashine ilikuwa mbovu tangu kiwandani, kasha halina kosa. Akasema lori lisimame kwa sababu gani? Wagonjwa wanasubiri. Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu aliyekwisha kuamua.

Nikamwambia, "Alhaji, nimekishika kichwa cha yule mtoto kwa mkono huu. Zile zikifika nazo zitawaka, watamwekea mtu, halafu zitazima. Simamisha lori."

Kisha akasema, "Haya." Akalisimamisha.

Tulipogeuza kurudi, nilikataa kukaa mbele. Niliirudisha ile mashine ndani ya sponji yake, nikaacha kifuniko wazi, nikakaa nyuma kwenye bodi pamoja nayo. Sikuwa na akili yoyote ya maana. Nadhani nilitaka tu kuilinda, kama mtu anavyokaa na maiti.

Tukaingia kwenye ile barabara ya mikunjo, polepole kama tulivyoagizwa. Bodi la lori lilikuwa linatetemeka kidogo tu. Ningeweza kunywa chai pale. Lakini nikatupa macho kwenye kasha. Mashine ilikuwa inacheza. Mwanzo inainuka kidogo, inashuka, inainuka zaidi, inashuka, kila mkunjo wa barabara unaiongezea, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila akirudi. Muda mfupi baadaye ilikuwa inaruka ndani ya sponji na pampu inagonga ubavu, kwa sauti ndogo iliyofunikwa na injini. Nikagonga bati la kabini, nikamwambia dereva aongeze mwendo. Akaongeza, lori likatikisika kunirusha mimi, na mashine ikatulia. Nikamwambia apunguze. Ikaanza kucheza tena.

Nilirudia hivyo mpaka nikaogopa. Sponji ile nene, iliyoiponya mashine kwenye kila mdondoko, ndiyo iliyokuwa inaibembeza mpaka springi yake ikachomoka. Na polepole tuliyomwagiza dereva ndiyo ilikuwa mwendo mbaya kuliko yote. Stika haikugeuka kwa sababu hakukuwa na pigo moja kubwa la kuigeuza. Yalikuwa mapigo madogo, yasiyoisha.

Ba Mulenga hakuniamini. Sikumlaumu. Nilipofika alikuwa ameshalipandisha kasha mojawapo lililorudishwa na lori la pili na kulidondosha, na mashine ilikuwa inawaka. Akaniuliza kama naona. Nikamwambia naona, na ndiyo maana nataka twende wote barabarani. Wenzetu walisimama kutazama. Ilikuwa vibaya, mtu niliyemwita baba kazini kumwambia hivyo mbele za watu. Alhaji ndiye aliyesema, "Nenda naye, ndugu yangu. Kama ni mashine mbovu, utarudi utucheke."

Tulimpandisha nyuma ya lori pamoja na kasha hilo, kifuniko wazi, tukamwekea kiti. Tukaiacha lami. Tulipofika kwenye mikunjo dereva akaenda polepole, na mashine ikaanza kucheza. Ba Mulenga aliinama. Akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka kama aliyegusa jiko. Akakirudisha. Nilimwona uso wake ukizimika. Akamwambia dereva aongeze, apunguze, aongeze, kama nilivyofanya mimi. Kisha akasema asimame.

Tulikaa pale kwenye vumbi. Mwishowe alisema, "Mayo, sponji hii niliikata mwenyewe." Mpakani alishuka na kitambaa chake, akavuka.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Watu walianza kusema amejiuzulu, wengine wakasema anaumwa. Nikavuka kwenda Nakonde kumtafuta. Nilimkuta uani kwake anapukuchua mahindi, na mkewe akanionyesha kwa macho tu kwamba hali si nzuri. Nilikaa naye tukapukuchua. Baada ya muda akasema amekaa maisha yake yote anadondosha vitu, akaamini kwamba kitu kikipona kuanguka kimepona kila kitu. Sasa alikuwa anajiuliza ni vingapi vimeharibikia huko mbele bila yeye kujua, watu wakadhani ni ubovu wa kiwanda.

Nikamwambia sijui ni vingapi. Nikamwambia pia kwamba mashine zile bado ziko godauni, wagonjwa bado wanasubiri, na mimi sijui kukata sponji kama yeye.

Akaendelea kupukuchua. Kisha akauliza, "Ile mota ya kinu cha mahindi ambayo Alhaji ameitupa nyuma ya godauni, bado inazunguka?"

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa meza ya kutikisa ya kwanza pale karakana, vijana. Ubao juu ya springi za gari, chini yake mota ya kinu yenye gurudumu lililotobolewa pembeni ya katikati, ili likizunguka litikise. Ukiongeza mwendo wa mota unaongeza mwendo wa lori. Tulitoboa makasha dirisha, tukawa tunatazama ndani. Tulianza na mwendo wa chini kabisa tukapanda panono panono, tukitafuta mahali kitu kinapoanza kucheza. Kila kitu kina mahali pake. Ukishapajua, unabadilisha sponji mpaka mahali pale pasilingane na mtikisiko wa barabara yako. Kwa zile mashine tulipunguza unene wa sponji, tukachagua ngumu zaidi, na pampu tukaifunga kwa kabari za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, ili nesi azione na kuziondoa kabla ya kuwasha. Bado tulidondosha. Hatukuacha kudondosha. Ila tulidondosha, tukatikisa, tukadondosha tena.

Alhaji alilalamika kwamba karakana yake sasa inapiga kelele kuliko kinu chenyewe. Lakini kila mgeni alimleta aone.

Meza zenu za leo zinafanya yote hayo kwa kubonyeza kitufe, na nafurahi. Ninachowaomba ni kimoja. Kabla ya kubonyeza, ulizeni kitu hiki kinakwenda wapi, na nani atakibeba, na barabara ya huko ikoje. Kama hamjui, pandeni nyuma ya lori.

Mashine nyingine ilipokuwa tayari kwenda kule zahanati, Ba Mulenga alisema atakwenda mwenyewe. Tulimwambia akae mbele kwa dereva. Akakataa, akapanda nyuma na kiti chake, nami nikapanda naye. Njia nzima hakuondoa mkono kwenye kasha.

Sista Upendo alitusalimia safari hii, ingawa aliiangalia mashine kama mtu anavyomwangalia mkwe aliyewahi kumtukana. Tukaondoa kabari nyekundu. Ba Mulenga akaweka sikio, akasikiliza muda mrefu, akawasha mwenyewe. Taa ya kijani. Mngurumo. Hakukuwa na mgonjwa wa kuwekewa, kwa hiyo Sista akatumbukiza ncha ya mpira kwenye bilauri ya maji, mapovu yakaanza kupanda.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Alhaji, anataka kujua kama inafanya kazi. Nilipotaka kujibu, Ba Mulenga akaninyooshea mkono.

"Mwambie inawaka," akasema. "Ile ya kwanza nayo iliwaka. Kama inafanya kazi, tutamwambia jioni."

Akavuta benchi, akakaa mbele ya ile bilauri.

Nilikaa naye. Muda ule ambao mashine ya kwanza ililia ulifika, na nilijikuta nimeshika ukingo wa benchi. Ukapita. Akina mama waliingia na kutoka na watoto wao wa kliniki, wakatuzunguka na kututazama, watu wazima wawili wanaoangalia mapovu. Sista alituletea chai, ya Ba Mulenga ikapoa. Jua lilihama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Dereva alipiga honi, akasubiri, akapiga tena.

Mwishowe Ba Mulenga aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, akakiacha hapo, akasikiliza kwa mkono.

"Sasa mpigie," akasema. "Mwambie inafanya kazi."

Alijaribu kusimama akashindwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Mimi na dereva tulimshika huku na huku, tukamtoa taratibu mpaka kwenye lori, na hakukataa tena kukaa mbele.